Kuomba Masomo ya Juu Ng'ambo: Fedha, Msimamizi na Karatasi

Shahada ya uzamili na shahada ya uzamivu huombwa kwa njia tofauti, hugharimiwa kwa njia tofauti, na katika baadhi ya nchi si lazima zifuatane. Jambo hili la mwisho huwapita waombaji wengi wa Afrika Mashariki. Katika vyuo vya Tanzania, Kenya na Uganda ngazi hupandwa moja baada ya nyingine: shahada ya kwanza, uzamili, kisha uzamivu. Huo ni urithi wa Uingereza. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 chini ya Chuo Kikuu cha London, Makerere na Nairobi navyo vilipitia mikononi mwa London, na hata baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuvunjwa mwaka 1970 utaratibu ule ulibaki. Marekani ina mpangilio wake. Huko mwenye shahada ya kwanza anaruhusiwa kuomba uzamivu moja kwa moja. Miaka miwili hivi ya mwanzo hupita katika madarasa na mitihani, utafiti hufuata, na katika idara nyingi uzamili hutunukiwa njiani, kama kituo cha kati cha safari ndefu.

Uzito wa tofauti hii umo kwenye fedha. Anayekubaliwa kusoma uzamivu katika idara nzuri ya Marekani, hasa za sayansi, kwa kawaida hasamehewi ada tu, hulipwa pia posho ya kujikimu kwa miaka mitano au zaidi, naye hufundisha madarasa ya mwaka wa kwanza au hufanya kazi katika maabara ya profesa. Uzamili wa huko, kinyume chake, mara nyingi hulipiwa na mwanafunzi mwenyewe, na ada yake ya mwaka mmoja inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Kwa hiyo shahada iliyo ndefu na ya juu zaidi ndiyo isiyomgharimu mwanafunzi ada, na ile fupi ndiyo inayoweza kuuza shamba la ukoo. Kijana wa Mbeya au Kisumu mwenye daraja la kwanza na utafiti mzuri wa mwaka wa mwisho, akijinyima uzamivu kwa kudhani kwamba lazima atangulize uzamili, anaweza kupewa barua ya kukubaliwa asiyoweza kuitumia. Barua za namna hiyo zimejaa makabatini. Anayejua mpango huu mapema huanza na swali la nani atalipa, kisha ndipo huuliza ni chuo gani.

Uingereza hesabu hugeuka. Uzamili wa kozi huchukua mwaka mmoja, na ufadhili wake hutoka zaidi katika mifuko iliyo nje ya idara. Mfuko wa Chevening, ulioanza mwaka 1983, hugharimia uzamili huo lakini humtaka mwombaji awe na saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili hivi, na arudi nchini mwake kwa miaka miwili baada ya masomo. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, uliobuniwa mwaka 1959, uko wazi kwa Mtanzania, Mkenya, Mganda na, tangu nchi yake ijiunge na Jumuiya hiyo mwaka 2009, Mnyarwanda. Mrundi na Mkongomani hawamo. Mifuko hii yote miwili hupima manufaa ambayo nchi ya mwombaji itayapata, na kwa sababu hiyo maombi yake huandikwa kwa sauti tofauti na ile ya maombi ya idara ya chuo, ambayo hutaka kujua kwanza kama mtu ataweza utafiti. Kosa la kutumia andiko moja kwa pande zote mbili ni la kawaida, na linaua maombi mengi yaliyostahili.

Ujerumani ni nchi inayostahili kuangaliwa zaidi kuliko inavyoangaliwa sasa. Vyuo vingi vya serikali huko havitozi ada ya masomo. Baden-Württemberg, jimbo linalotoza wageni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017, lina sifa ya kuwa tofauti na mengine. Lakini kukosekana kwa ada hakumaanishi kwamba safari ni bure. Anayejilipia hutakiwa kuonyesha fedha za kuishi mwaka mzima katika akaunti maalumu ya benki, ambayo huachia fungu moja tu kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango chake ni yuro 11,904, yaani yuro 992 kwa mwezi. DAAD, shirika la ubadilishanaji wa kitaaluma la nchi hiyo lililoanzishwa mwaka 1925, lina mpango wa kozi za uzamili zinazohusu maendeleo, unaotaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili na shahada isiyozidi miaka sita tangu itolewe. Kipengele hicho cha miaka sita huwaacha nje watumishi wengi waliokuwa wakingoja ruhusa ya mwajiri. Uzamivu wa Ujerumani kwa kawaida huhitaji uzamili kwanza, na mara nyingi huwa ni ajira yenye mkataba na mshahara, hivyo nafasi yake hutangazwa na huombwa kama kazi.

Fedha zikishaamua nchi na ngazi, kinachofuata ni mtu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza huingia chuo. Mwanafunzi wa uzamivu huingia chini ya msimamizi. Jomo Kenyatta alisoma anthropolojia London School of Economics katika miaka ya 1930 chini ya Bronislaw Malinowski, ambaye kazi yake ya kuishi na jamii anayoichunguza ilikuwa imebadilisha fani hiyo yote. Andiko la Kenyatta kuhusu Wagikuyu lilitoka kama kitabu, Facing Mount Kenya, mwaka 1938, na aliyekiandikia utangulizi ni Malinowski mwenyewe. Msimamizi anayefaa ni yule ambaye swali la mwanafunzi linaingia katika swali lake. Njia ya kumpata ni kusoma makala zilizotajwa mwishoni mwa utafiti wa mwaka wa mwisho, kuona majina yanayojirudia, na kufuatilia waandishi hao wanafundisha wapi sasa. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa na haihitaji fedha.

Safari pia si lazima iwe ya upande mmoja. Wangari Maathai alipata uzamili wa biolojia Pittsburgh mwaka 1966, akafanya utafiti wake Giessen na Munich nchini Ujerumani, lakini shahada yake ya uzamivu ya mwaka 1971 ilitoka Nairobi. Mpango wa namna hiyo, wa kusajiliwa nyumbani na kutumia maabara ya ng'ambo kwa miezi au mwaka, bado upo na hutangazwa kidogo mno. Kwa mwenye familia au kazi ya kudumu huenda ndio bora kuliko yote.

Barua pepe ya kwanza kwa profesa inahitaji uangalifu, kwa sababu adabu ya hapa na adabu ya kule haziendi sambamba. Mwandishi wa Kiswahili aliyelelewa vizuri huanza kwa salamu, huulizia afya, huomba radhi kwa usumbufu, ndipo hutaja shida yake. Profesa anayepokea barua nyingi kwa siku huishia kwenye salamu. Barua inayojibiwa hutaja katika sentensi mbili za kwanza mwombaji amechunguza nini na makala gani ya profesa imegusa jambo hilo, kisha huuliza swali moja linalojibika: kama anapokea wanafunzi wapya mwaka huo. Humwita kwa cheo chake cha profesa au daktari na kwa jina lake la ukoo. Uingereza na Ujerumani barua hii mara nyingi ni ya lazima kwa uzamivu wa utafiti. Marekani hutegemea idara. Katika sayansi husaidia sana, na zipo idara zinazosema wazi kwenye kurasa zao kwamba uamuzi wote ni wa kamati.

Kisha zinakuja karatasi, na ya kwanza kuleta matatizo ni jina. Pwani na bara, mtu hubeba jina lake, la baba na la babu, na mpangilio huo hubadilika kati ya cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo na pasipoti. Mahali pengine babu ameachwa. Pengine jina la ubatizo limeongezwa. Pengine Mohamed ameandikwa Muhammad. Fomu ya ng'ambo hutaka jina la kwanza na la ukoo, na mfumo wa kompyuta hauoni kwamba majina hayo tofauti ni ya mtu mmoja. Dawa yake ni kuchagua mpangilio wa pasipoti na kuufuata katika kila fomu, na penye tofauti kubwa kuapa mbele ya wakili na kuambatisha hati ya kiapo. Mambo haya yafanyike mwaka mmoja kabla. Kuyarekebisha wiki ya mwisho hakuwezekani.

Alama nazo zina mtego wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupima wastani kwa kipimo cha 5, ambapo daraja la kwanza huanzia 4.4 na daraja la pili la juu huanzia 3.5. Marekani kipimo ni 4. Anayeandika 3.8 bila kutaja kipimo atasomwa kana kwamba ni 3.8 kati ya 4, na nakala ya matokeo ikifika ataonekana mdanganyifu. Anayejigeuzia mwenyewe kwa hesabu ya kugawanya hujiumiza kwa namna nyingine, maana 3.8 ya Dar es Salaam ni daraja la pili la juu, hali msomaji wa kigeni ataona 3.0 tu. Mhitimu wa Bujumbura au Lubumbashi ana hali ngumu zaidi: 14 kati ya 20 ni alama ya kujivunia katika utaratibu wa Kifaransa na Kibelgiji, lakini ni asilimia 70, na kwa jicho la Marekani asilimia 70 ni ya mwanafunzi wa kawaida. Alama ziandikwe jinsi zilivyo, pamoja na kipimo chake na daraja lake, na chuo kiombwe kuweka maelezo ya madaraja nyuma ya nakala ya matokeo. Pale chuo cha ng'ambo kinapotaka tathmini ya taasisi ya nje kama World Education Services, gharama na wiki za kusubiri zihesabiwe mapema.

Barua za mapendekezo, ambazo uzamivu wa Marekani kwa kawaida hudai tatu, ndizo zinazowaangusha waombaji wa Afrika Mashariki kuliko alama. Sababu ziko mbili, na zote zinatoka nyumbani. Mhadhiri aliyefundisha darasa la watu mia tatu hamkumbuki mwanafunzi mmoja mmoja, hivyo huandika anachoweza kukiri kwa dhamiri safi: kwamba kijana huyu ana adabu, huhudhuria vipindi, ni mtiifu na mchapakazi. Kwa msomaji wa kule maneno hayo ni ishara kwamba mwandishi hakuona lolote la kusifu kitaaluma. Barua yenye nguvu husimulia: swali alilouliza darasani, kosa aliloligundua katika takwimu, sura ya utafiti aliyoiandika upya mara tatu, na nafasi yake kati ya wanafunzi wote ambao mhadhiri amewafundisha kwa miaka kumi. Mhadhiri hawezi kuyasimulia hayo bila kusaidiwa. Mwombaji humpelekea, miezi miwili kabla, nakala ya utafiti wake, matokeo, rasimu ya maelezo ya dhamira, orodha ya vyuo na tarehe zao, pamoja na ukurasa mmoja wa kumkumbusha walichofanya pamoja. Hapo hata mhadhiri mwenye shughuli nyingi huwa na cha kuandika.

Sababu ya pili ni mazoea ya kusema, andika wewe nami nitatia saini. Yameenea, na yanafanywa kwa nia ya kusaidia, lakini ni kumdhulumu mwanafunzi. Hakuna mwenye miaka ishirini na mitatu anayejua kulinganisha wanafunzi wa muongo mzima, na barua tatu zilizoandikwa na mkono mmoja hutambulikana zikisomwa pamoja. Fomu za Marekani humwuliza mwombaji kama anaacha haki yake ya kuisoma barua, haki aliyopewa na sheria ya mwaka 1974, na inashauriwa aiache, kwa kuwa kamati huiamini zaidi barua ambayo mhusika hakuiona. Barua hutumwa na mhadhiri mwenyewe kupitia kiungo anachotumiwa, na anwani ya pepe ya chuo hupokelewa kwa imani kubwa kuliko ya binafsi.

Maelezo ya dhamira ndiyo sehemu pekee ambayo mwombaji anasema kwa kinywa chake. Mengi huanza utotoni, na ndoto ya kuisaidia jamii, na hupoteza nusu ya kurasa mbili kabla ya kufika kwenye jambo. Mhitimu wa sayansi ya samaki anayeeleza kwamba alipima dagaa waliouzwa Kigoma kwa misimu miwili, akaona ukubwa wao unabadilika kwa namna ambayo vipimo vyake vya joto la maji havikuweza kuieleza, na kwamba sasa anahitaji mbinu fulani iliyoko katika maabara fulani, amekwisha kuonyesha mambo manne: amefanya kazi, ameona tatizo, anajua mpaka wa ujuzi wake, na anajua kwa nini anaomba hapo. Ziwa Tanganyika limegawanywa na nchi nne, na swali lake lina maana Burundi, Kongo na Zambia pia. Hilo nalo laweza kutajwa kwa sentensi moja. Alama mbovu za mwaka wa pili kwa sababu ya ugonjwa au ada zielezwe kwa sentensi mbili zisizo na malalamiko. Uingereza na Ujerumani huongeza pendekezo la utafiti, andiko refu zaidi lenye swali, maandishi yaliyotangulia, mbinu na ratiba.

Mitihani isichukue muda mwingi kuliko inavyostahili. Alama ya 6.5 au 7 katika IELTS, mtihani wa Kiingereza, hutosha katika kozi nyingi, matokeo yake hudumu miaka miwili, na vyuo kadhaa humsamehe aliyesoma shahada yake kwa Kiingereza akileta barua ya chuo. GRE, mtihani wa kuingia masomo ya juu unaogharimu dola 220, umeondolewa na idara nyingi tangu mwaka 2020. Kuulizia kwanza kunaweza kuokoa mshahara wa mwezi. Ada za maombi Marekani huwa kati ya dola 50 na 150 kwa chuo kimoja, na kwa anayeomba vyuo vinane ni mzigo mzito. Msamaha upo katika vyuo vingi, lakini hutolewa kwa anayeuomba kwa barua fupi kabla ya tarehe ya mwisho. Tarehe hizo huangukia Desemba na mwanzo wa Januari kwa masomo ya Agosti au Septemba inayofuata. Anayetaka kuanza Septemba aanze kutafuta msimamizi Machi ya mwaka uliotangulia.

Kwa wasomi wa lugha upo mlango ambao wengine hawana. Kiswahili hufundishwa katika vyuo vingi vya Marekani, na mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha huwachukua Watanzania na Wakenya kwa mwaka mmoja wa masomo usio wa shahada. Katika mwaka huo mtu hufundisha, husoma kozi chache, na huwafahamu maprofesa ambao baadaye wanaweza kumwandikia barua. Huko Ulaya, vyuo vya Bayreuth, Leipzig, Hamburg na London vina wataalamu wa Kiswahili wanaosimamia uzamivu, na fasihi na isimu za Kiswahili zinahitaji watafiti waliolelewa ndani ya lugha.

Vishoka wanaouza nafasi za masomo hawana kazi yoyote katika ngazi hii. Wapo mawakala halali wanaolipwa na vyuo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka, na kwa sababu hiyo husukuma kozi za kujilipia. Uzamivu wenye ufadhili haupitii kwa wakala. Anayedai fedha ili ahakikishe kukubaliwa, au anayejitolea kurekebisha matokeo, humtoa mteja wake katika vyuo vingi kwa mara moja, kwa kuwa karatasi ya kughushi ikigunduliwa hufuta shahada hata baada ya kutunukiwa.

Majibu ya Marekani huja kati ya Januari na Aprili, mengine baada ya mahojiano ya mtandaoni ya nusu saa. Vyuo vingi vimekubaliana kwamba aliyepewa ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili, na barua inayomharakisha inaweza kujibiwa kwa kuikumbusha tarehe hiyo. Barua ya ufadhili isomwe mstari kwa mstari: posho ni ya miezi tisa au kumi na miwili, bima ya afya inalipwa na nani, ufadhili ni wa miaka mingapi na unategemea masharti gani. Aliyekataliwa ana karatasi zote tayari, na kuomba tena mwaka unaofuata, kwa vyuo vichache vilivyochaguliwa vizuri zaidi, hakumvunjii heshima.

Viza ni maombi mengine yenye sheria zake. Marekani mwanafunzi hupewa na chuo fomu ya I-20, hulipa dola 350 za mfumo wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni na dola 185 za viza, kisha huketi mbele ya ofisa anayetakiwa na sheria kumchukulia kuwa mhamiaji mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba sivyo. Majibu mafupi na ya kweli kuhusu anachokwenda kusoma, nani analipa na kazi inayomngoja nyumbani ndiyo yanayosaidia. Uingereza fedha za anayejilipia zinapaswa kuwa zimekaa benki siku 28 mfululizo. Mchango wa ndugu uliowekwa jana hauhesabiwi. Kanuni hizi hubadilika kwa tangazo moja. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kozi Uingereza kwa kawaida haruhusiwi kwenda na mwenzi wala watoto, na Juni 2025 Marekani ilisitisha viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi. Kwa sababu hiyo ni busara kuomba katika nchi mbili.

Hatua ya mwisho hutokea nyumbani. Shahada ya ng'ambo hutathminiwa na Tume ya Vyuo Vikuu nchini Tanzania na mamlaka zinazolingana nayo nchi jirani, na waajiri wa umma hudai uthibitisho huo. Tume huangalia pia kama chuo kilichotoa shahada kinatambulika katika nchi yake, jambo linalopaswa kuchunguzwa kabla ada ya kwanza ya maombi haijalipwa.